Mwanamke wa Vyungu Juu ya Matema

Sina sababu ya kukudanganya. Kama ningetaka kutunga uongo, ningetunga ule ambao ndani yake mimi mwenyewe natoka vizuri, na humu sitoki vizuri hata kidogo. Haya niliyaona mchana, macho makavu, sina homa, sijaonja hata tone la pombe. Rafiki yangu Lusajo aliyaona pamoja nami, na yeye yamemgharimu zaidi. Ukitaka kucheka, cheka, ila nakuomba ufike mwisho kwanza.

Mimi ni fundi umeme, naishi Morogoro. Lusajo ni mwalimu wa sekondari, nyumba yake na yangu zinatazamana. Wengine wana mpira, wengine wana bao, sisi ugonjwa wetu ni milima. Kila mwaka tunachagua mmoja, tunabeba mabegi, tunakwenda kujitesa kwa siku chache, kisha tunarudi nyumbani tunachechemea na wake zetu wanatucheka. Mwaka huo Lusajo akasema safari hii twende kwao, Kyela. Tutapanda milima ya Livingstone nyuma ya Matema, tutalala juu kwa wakulima wa viazi, kesho yake tutashuka kwa njia nyingine. "Utaliona Ziwa Nyasa lote," alisema, "na Malawi kule ng'ambo." Nikakubali. Ningejua!

Safari yenyewe ilianza na nuksi. Basi letu la usiku liliharibika Makambako, tukakaa kando ya barabara kuanzia asubuhi hadi jua linazama, tunapigwa baridi, na kila tukimuuliza kondakta anatuambia fundi yuko njiani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Lusajo ni kinyume changu. Yeye alikuwa anazungumza na abiria wote, anacheka, anagawa karanga, utadhani kukwama Makambako ndiko tulikokatia tiketi. Mbeya tukafika usiku, tukalikosa gari la Kyela, tukalala stendi. Nilikuwa na likizo ya siku saba tu, na siku ya pili ilikuwa imekwisha nikiwa bado sijaona hata kichuguu.

Kyela tulifikia kwa shangazi yake Lusajo, mtaa wa Bondeni. Jina lake Subilaga, mama mnene mwenye sauti, mfanyabiashara wa vitenge. Wiki yuko Kyela, wiki yuko Karonga kwa ndugu zake wa upande wa Malawi. Alitupokea vizuri mno. Nikasikia harufu ya wali wa Kyela unatoka jikoni, na niamini, hasira zangu zote za Makambako zikaanza kulainika.

Mara mlangoni akatokea mama mmoja wa makamo, amebeba sinia la wali na samaki aina ya mbasa. Akaingia hatua mbili. Akamwona Lusajo. Yule mama akashtuka, akajifunika uso kwa kanga, akageuka na sinia lake, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma! Chakula chetu kikaondoka hivyo hivyo. Nikabaki mdomo wazi.

"Kulikoni?" nikauliza.

Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Huyo ni mke wa mdogo wangu. Hakujua tata amefika."

"Tata gani?"

"Si huyu hapa!" Akamwonyesha Lusajo.

Ndipo nikaelezwa. Mwaka mmoja nyuma babu yake Lusajo alifariki kule Ngonga, na kwa kuwa Lusajo ndiye aliyepewa jina la huyo babu alipozaliwa, ukoo ukamchagua kuwa mrithi. Kwa Wanyakyusa kurithi si kugawana mashamba tu. Mrithi anakalia kiti cha marehemu, anabeba jina lake, anakuwa yeye. Kwa hiyo wake wote wa watoto wa yule babu sasa ni wakwe wa Lusajo, yeye ndiye tata, yaani baba, na mwanamke wa Kinyakyusa wa zamani haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamwiti jina, hasikilizi hata sauti yake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini, anageuza uso mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, lakini kwao mila hiyo ilikuwa bado inashikwa. Lusajo ana miaka thelathini na minne, na mabibi wenye wajukuu wanamkimbia.

Nilicheka sana. Nilimwita "bwana mkwe" jioni nzima. Wali ulikuja baadaye, umeletwa na shangazi mwenyewe, umepoa.

Tulipokuwa tunanawa mikono shangazi akageuka kuwa mkali. "Kesho mwende Ngonga kwanza," alisema. "Mrithi akitoka mbali haendi kutembeatembea kabla hajakaa kwenye kiti chake. Akae hata dakika tano, wazee wamwone, wamwambie ya kumwambia. Halafu mwende huko kwenye mawe yenu."

Lusajo akanitazama. Alikuwa radhi kwenda, nilimwona. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema tumeshapoteza siku mbili, Ngonga tutapita tukirudi, wazee hawatakimbia. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, na Lusajo, kwa kuwa ni mtu asiyependa kumwudhi rafiki, akasema, "Sawa shangazi, tutapita tukirudi." Shangazi alichukua beseni akaenda zake.

Matema nako mambo yakawa yale yale. Mwongoza njia tuliyepatana naye kwa simu alikuwa amechoka kutusubiri, amekwenda na wageni wengine. Nikauliza sasa tunafanyaje. Lusajo akasema usihofu, mimi njia naijua. Unajua aliijuaje? Aliwahi kupanda akiwa darasa la sita, akaishia katikati kwa sababu ya tumbo! Nilitaka kulia. Lakini tulikuwa tumeshafika, mlima uko pale unatutazama, na wavuvi wakatuonyesha njia inapoanzia. Tukapanda.

Kupanda hakukuwa na shida, ila jasho. Jioni tukafika juu, kwenye kijiji cha wakulima wa viazi, mzee mmoja akatupa pa kulala. Asubuhi tulipoamka ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Choo kilikuwa hatua ishirini na sikukiona. Yule mzee akasema tusubiri mpaka ukungu upande. Lusajo akaweka begi chini. Mimi nikauliza utapanda saa ngapi. Mzee akasema leo, au kesho. Kesho! Nikavaa begi langu. Unaona? Mara ya pili hiyo, na mara ya pili ni mimi.

Njia ya kushukia ni tofauti na ile ya kupandia. Inafika mahali inajibana: mkono wa kushoto mwamba umesimama wima, mkono wa kulia hakuna kitu, ni hewa, na chini kabisa huko ziwa. Upana wake ni wa mtu mmoja na mzigo wake. Kwenye mwamba kuna mstari mweupe wa jiwe, unakatiza kutoka juu hadi chini, na karibu nao kuna ufa ambao mtu anaweza kujipenyeza. Nakuelekeza hivi kwa sababu mahali hapo nilipajua vizuri kuliko nilivyotaka.

Lusajo alikuwa mbele. Nilitoa simu nione saa, kumbe imeshanasa mtandao wa Malawi na kurudi nyuma saa nzima. Nilikuwa bado nainung'unikia nikasikia mlio mbele yetu, kogo, kogo, kogo. Vyungu vinagongana.

Akatokea mwanamke kwenye ukungu, anapanda. Alikuwa kijana, hajafika hata thelathini, miguu peku, na kichwani amebeba tenga la vyungu vile vya Wakisi wa pale ziwani, ambavyo wanawake huvipeleka juu kubadilishana na viazi na maharage. Nikawaza, afadhali, sasa tutauliza njia. Akainua macho, akamwona Lusajo.

Uso wake ulibadilika. Haikuwa hofu ya kukutana na wanaume wawili wageni, hofu hiyo naijua. Ilikuwa aibu, heshima. Akatazama kushoto kwetu, mwamba. Akavuta kitenge kufunika uso kwa mkono mmoja, wa pili umeshika tenga, akapiga goti kidogo, kisha akarudi hatua moja kulia kwetu, taratibu, vile unavyompisha mkubwa mlangoni.

Kulia hapakuwa na ardhi.

Hakupiga kelele. Nilisubiri mlio wa vyungu kuvunjika, na nakuambia kweli, mlio ule sikuusikia. Tulilala kifudifudi tukachungulia, ukungu tu. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Lusajo alikuwa anasema, "Nimemwua. Amenipisha mimi. Nimemwua." Nikamwambia acha maneno, tushuke haraka tukaite watu. Tukashuka. Njia ikapinda, ikapinda tena, tukatembea labda robo saa. Mbele yetu nikaona mstari mweupe kwenye mwamba.

Kogo, kogo, kogo.

Ni yeye. Tenga lile lile, kitenge kile kile. Wewe ungefanya nini? Mimi niliukumbatia mwamba. Lusajo ndiye aliyepata nguvu, akapaza sauti: "Mama, simama hapo hapo! Mimi si mkubwa wako! Pita!" Ikawa vibaya zaidi. Kusikia sauti yake yule mwanamke aliharakisha kujifunika, akapisha upesi kuliko mara ya kwanza.

Sasa sikiliza, watu wanaposimulia habari za namna hii husema waliogopa. Mimi kwanza nilikasirika. Nilikasirika kupita kiasi. Niliutukana ule mlima, nikalitukana basi la Makambako, nikamtukana Lusajo na mila za kwao na kiti chao. Siku tano natafuta kutembea kidogo nipumue, na kila mahali nazuiwa, nasubirishwa, narudishwa! Lusajo alikuwa ameegemea mwamba analia kimya kimya, na kumwona analia, yule mtu wa kugawa karanga, kulinifanya nione aibu lakini hakukunipunguzia hasira. Nikamsukuma, nikamwambia twende.

Tukaenda. Robo saa. Mstari mweupe.

Mara ya tatu Lusajo hakusubiri. Alipoona tu miguu inatokea kwenye ukungu alimkimbilia, mikono mbele, amdake kabla hajarudi ile hatua. Alimkosa kwa kiganja kimoja. Na mwendo wake ukamchukua yeye mwenyewe ukingoni. Nililishika begi lake kwa nyuma, mguu wake mmoja ulikuwa tayari hewani, nikamvuta tukaanguka wote juu ya mawe. Kamba iliyofungia hema begini ikakatika, hema letu likaenda chini. Hilo nalo hatukulisikia likitua.

Tulilala pale tunahema. Nikamwuliza una akili kweli. Akasema kwa upole kabisa, "Akija tena nitamshika. Kama ni kwenda naye nitakwenda. Nimechoka kumwua." Namjua Lusajo tangu tuko shule ya msingi. Hakuwa anatania. Nikajua kwamba mara ya nne begi litanichomoka mkononi, na nitarudi Morogoro peke yangu kumweleza mke wake.

Hapo ndipo hasira zangu zikanifaa. Maana mtu mwenye hasira hutafuta wa kumlaumu, nikaanza kuuliza maswali.

"Babu yako aliwahi kupita njia hii?"

"Kila mwaka. Alikuwa analeta mchele huku juu, anarudi na viazi."

"Na wake za wanawe, kuna aliyekuwa mtu wa ziwani? Mwuza vyungu?"

Akaugeukia ukingo. Kisha akasema, "Mmoja. Mke wa baba yangu mkubwa. Anaitwa Lugano. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Alimwacha mume na mtoto mchanga akatoroka na mwanamume kwenda Malawi."

"Nani aliyesema alitoroka?"

"Babu," akasema. Na alipolisema tu, akaufunika mdomo wake kwa mkono.

Nikamwonyesha ule ufa kwenye mwamba. Nikamwambia ingia humo, geukia jiwe, jifunike kichwa. Unajua alinijibu nini? Pamoja na yote tuliyoyaona, yule mwalimu msomi aliniambia, "Haiwezekani. Mkwe mwanamume hapishi. Anayepisha ni mwanamke. Wazee wakisikia..." Nikamkamata kola. Nikamwambia, "Basi uanze wewe! Kama kiti ni chako, na kupisha ni kwako!" Nilimsukumia mle ndani, akavua koti akajifunika kichwa, uso kwenye jiwe. Nikajibana kwenye mdomo wa ufa kuziba asionekane.

Kogo, kogo, kogo.

Akaja. Akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu, akasimama. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Kitenge chake kilikuwa kimelowa chepechepe, na alinukia udongo mbichi, ule wa mfinyanzi. Nikaona kifuani pamelowa kwa namna nyingine, madoa mawili. Mke wangu amezaa watoto watatu, siwezi kukosea. Ni maziwa. Kuna mtoto alikuwa anamngoja mahali.

"Tata yuko njiani?" akaniuliza. Sauti ya kawaida kabisa, Kiswahili chenye lafudhi ya kule kule.

"Hayuko njiani, mama," nikamjibu. Sijui sauti niliitoa wapi. "Amekupisha. Pita."

"Amenipisha?"

Aliuliza kama mtu anayeambiwa jambo ambalo halijapata kusikika. Nikamwambia ndiyo, amekupisha, pita mama, njia ni yako. Alisimama muda mrefu sana. Nyuma yangu nilikuwa nasikia meno ya Lusajo yanagongana. Nikawa naomba moyoni asikohoe, asiseme neno, maana neno moja tu lingetosha. Kisha yule mwanamke akajibana kwenye mwamba, akapita mbele yangu, nguo yake ikanigusa mkono. Baridi ile bado naijua.

"Ndaga," akasema. Ni asante yao.

Akapanda. Tulisikia vyungu vyake vikigongana juu, na juu zaidi, mpaka havikusikika. Ndipo Lusajo akatoka kwenye ufa, tukashuka, na safari hii njia ilikwenda inakotakiwa kwenda. Ndani ya saa moja tulikuwa Matema, jua linawaka, watoto wanaogelea.

Sitakuficha, mimi nilitaka twende moja kwa moja stendi. Lusajo akakataa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza katika safari ile kunikatalia. Tulikwenda Ngonga. Alikaa kwenye kiti cha babu yake na matope yake miguuni, akaomba wazee waitwe, na shangazi Subilaga, na mtoto wa yule Lugano. Mtoto! Ni mama mtu mzima, jina lake Tumpe, ana wajukuu. Kwa kuwa ni binti wa ukoo na si mke, yeye hamkimbii mrithi. Aliingia akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, kama mtu aliyezoea kukaa karibu na mlango. Maisha yake yote alikuwa anaitwa mtoto wa mtoro. Posa zake mbili zilivunjika kwa ajili hiyo, watu wakisema damu ya kukimbia waume iko kwao.

Lusajo akawaeleza. Sasa kwa mila zao mrithi hasemi "babu alifanya". Anasema "nilifanya". Kwa hiyo rafiki yangu, ambaye hakuwa hata amezaliwa, alisema mbele ya watu wote: "Nilikutana naye kwenye njia nyembamba. Alinipisha akaanguka. Nilirudi nyumbani nikasema ametoroka."

Shangazi Subilaga alianza kulia kwa sauti, akisema kumbe ndiyo maana baba alikuwa halali upande unaotazama mlima. Tumpe hakulia. Alimtazama Lusajo na kumwuliza swali moja.

"Tata, kwa nini hukurudi kumwangalia? Pengine alikuwa hai."

Nilimtazama Lusajo. Nilitegemea aseme hajui, maana angejuaje? Akafungua mdomo. Na sauti iliyotoka, ewe msomaji wangu, haikuwa ya Lusajo. Ilikuwa ya mzee, nzito, ya kukwaruza, na ilizungumza Kinyakyusa cha ndani ambacho Lusajo mwenyewe, aliyekulia Morogoro, hakijui. Wale wazee wawili waliokuwa karibu yangu waliruka kutoka kwenye viti vyao. Shangazi aliacha kulia ghafla. Maneno yalikuwa machache, na baadaye ndipo shangazi aliponitafsiria: "Mkwe hatazamwi."

Basi. Hilo ndilo jibu. Mtu amelala chini ya mwamba, pengine anaita, maziwa yanamtoka, na juu yake amesimama mwanamume anayejiambia kwamba mila haimruhusu kuchungulia.

Tumpe akainuka. Akasema, "Basi usinitazame na mimi." Akageuka akampa mgongo, akatoka.

Lusajo alituuliza amesema nini. Hakujua kama alizungumza.

Vijana wa Matema walikwenda kutafuta chini ya ule mwamba. Walipata vigae vya vyungu kwenye majani, basi. Tumpe alivizika nyumbani kwake, na kwenye matanga yale wanawake wa ukoo walisema hadharani kwamba Lugano hakutoroka. Hilo lilifanyika, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo Tumpe hajamtazama Lusajo usoni. Kila likizo Lusajo anakwenda Ngonga, anakaa nje ya mlango wake, anaomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya, na yule mama anaendelea kupepeta mchele akiwa amempa mgongo. Milima hatupandi tena. Nimemwambia mara nyingi aache kile kiti, awarudishie wazee. Ananiambia kiti hakirudishwi, na akisema hivyo huwa namsikiliza kwa makini sana, nijue ni sauti ya nani.

Na mimi? Mimi nimekuwa mtu wa kupisha. Nikikutana na mwanamke kwenye kijia, hata mtoto wa shule mwenye ndoo, nasimama pembeni mpaka apite, na mke wangu ananicheka.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma, na hasa kama kwenu watu hurithi majina. Siku watakapokuita wakuvike jina la marehemu, wakusifie ng'ombe wake na ukarimu wake, usikimbilie kukaa. Waulize kwanza aliona nini akanyamaza. Usipouliza, iko siku mtu atakuja kukaa mbele yako na swali lake, na jibu litatoka kinywani mwako kabla hujalijua.